Saa za Giza: Namna ya Kufupisha Muda wa Kuzimwa kwa Mfumo wa Hospitali

Tangazo hubandikwa mlangoni pa maabara, kwenye dirisha la dawa na kwenye ubao wa wauguzi: mfumo wa hospitali hautapatikana kuanzia saa nne usiku wa Jumamosi hadi saa mbili asubuhi ya Jumapili, kwa ajili ya kuhamia toleo jipya la hifadhidata. Wengi hulisoma kama wanavyosoma tangazo la kukatika kwa maji: hujaza ndoo, wakasubiri. Lakini saa kumi katika hospitali kubwa si muda wa kusubiri tu. Ndani yake wajawazito hujifungua, majeruhi wa barabarani huletwa, damu huombwa benki, na dawa inayotolewa kila baada ya saa sita hufikia zamu yake walau mara moja. Daktari wa zamu akitaka kujua kiwango cha potasiamu alichopimwa mgonjwa jioni ile, au kama mgonjwa huyo aliwahi kudhurika kwa penisilini, jibu limo ndani ya mashine isiyojibu.

Je, ni lazima ziwe saa kumi? Mara nyingi si lazima. Kazi hiyo hiyo, juu ya hifadhidata hiyo hiyo, yaweza kuchukua saa mbili, na pengine dakika chache. Tofauti haitokani sana na ughali wa mashine. Inatokana na swali ambalo wataalamu wa TEHAMA na viongozi wa hospitali hujiuliza, au hushindwa kujiuliza, wiki kadhaa kabla ya usiku wenyewe: katika kazi zote zilizoorodheshwa, ni zipi hasa ambazo haziwezi kufanyika mpaka mfumo uzimwe? Zilizobaki zote hazina haki ya kuchukua hata dakika moja ya wodi.

Kwa nini mfumo usiachwe ulivyo

Hifadhidata ni masjala. Yamo makabati yenye majalada ya wagonjwa, upo mpangilio wa kadi unaosaidia kulipata jalada bila kupekua kabati zima, na yupo mtunza masjala anayepokea maombi na kuyajibu. Programu ya hifadhidata ndiyo huyo mtunza masjala. Kuhamia toleo jipya ni kumleta mtunza mpya, mwenye mbinu bora zaidi, anayejua kuziba mianya ambayo wezi wameshaigundua kwa mtangulizi wake.

Watunza hawa wana umri wa utumishi. PostgreSQL, ambayo ndiyo inayobeba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi, hutoa toleo kubwa jipya takriban kila mwaka, na kila toleo huhudumiwa kwa miaka 5. MySQL ndiyo iliyobeba kwa muda mrefu OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kupata makao yake ya kwanza Eldoret, nchini Kenya. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Toleo la 5.7 la MySQL lilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2023. Tangu hapo, mwanya mpya ukigunduliwa katika toleo hilo, watengenezaji hawatoi tena kiraka cha kuuziba.

Gharama ya kuchelewa ilionekana wazi nchini Uingereza tarehe 12 Mei 2017, pale kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta na kudai fidia. Hospitali na taasisi za huduma ya afya za umma zisizopungua 80 nchini Uingereza ziliathirika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kiraka cha kuzuia shambulio hilo kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Safari ile mwanya ulikuwa katika mfumo endeshi wa kompyuta na si katika hifadhidata, lakini sababu zinazofanya hospitali isogeze mbele kazi kama hii ni zile zile popote: hakuna anayetaka kuuzima mfumo. Kadiri kuzima kunavyoogopwa, ndivyo maboresho yanavyorundikana. Na yakirundikana, usiku wa kuyafanya huzidi kuwa mrefu. Ndiyo maana kufupisha muda wa kuzimwa si jambo la kuwapendeza watumiaji tu. Hospitali inayoweza kumaliza kazi hii katika saa moja itaifanya kwa wakati wake. Inayohitaji usiku mzima itaiahirisha mpaka ilazimike.

Saa zinakwenda wapi

Njia ya kale, ambayo bado hutumika sana, ni ya kunakili kila kitu. Mfumo huzimwa, mtunza wa zamani husoma kila jalada na kuliandika katika faili kubwa, faili husafirishwa hadi seva mpya, mtunza mpya hulisoma na kuyapanga majalada upya katika makabati yake, kisha hutengeneza upya kadi zote za faharasa. Njia hii ni salama kwa sababu makabati ya zamani hayaguswi. Kwa kituo cha afya chenye kumbukumbu chache ndiyo njia bora, wala hakuna haja ya kutafuta nyingine.

Shida ni ukubwa. Chukua hifadhidata ya gigabaiti 2,000, na njia ya mtandao inayopitisha megabaiti 100 kwa sekunde. Kusafirisha peke yake kunahitaji sekunde 20,000, yaani zaidi ya saa tano na nusu, kabla mtu hajatengeneza faharasa hata moja. Hesabu hii rahisi, inayoweza kufanywa nyuma ya bahasha, ndiyo inayopaswa kuja kabla ya mazungumzo yoyote ya kununua seva mpya. Inaonyesha ni wapi kisu kipite.

Kinapopita kwanza ni kwenye majalada yasiyohitajika. Katika hifadhidata nyingi za hospitali, sehemu kubwa ya uzito si kumbukumbu za matibabu. Ni kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo saa ngapi, ni picha za eksirei na nyaraka zilizochanganuliwa ambazo zingepaswa kukaa katika hifadhi yake ya picha, ni majedwali ya muda yaliyosahaulika na mafundi walioondoka zamani. Kumbukumbu za ukaguzi hazifutwi ovyo, kwa maana sheria na maadili vinataka zihifadhiwe. Lakini zile za miaka iliyopita zaweza kuhamishiwa kwenye ghala tofauti wiki mbili kabla, mchana kweupe, mfumo ukiwa unafanya kazi. Hifadhidata iliyopunguzwa uzito kwa nusu inanakiliwa kwa takriban nusu ya muda, na hilo halikugharimu chochote ila uamuzi.

Kisha inakuja idadi ya makarani. Programu za siku hizi zinaruhusu makabati kadhaa kunakiliwa kwa pamoja. PostgreSQL imeweza kutoa nakala kwa namna hiyo tangu toleo la 9.3. Hapa mategemeo huzidi mno ukweli. Makarani wanane hawagawani jalada kwa jalada, wanagawana kabati kwa kabati. Ikiwa jedwali la majibu ya maabara peke yake limebeba nusu ya hifadhidata, saba watamaliza mapema na kukaa kumtazama wa nane. Jedwali la namna hiyo linapaswa kugawanywa kwa miaka muda mrefu kabla, jambo ambalo pia hurahisisha kazi ya kila siku.

Mpangilio wa kazi nao una uzito wake. Kadi za faharasa zikitengenezwa baada ya majalada yote kuingia kabatini, kazi huenda mbio. Zikiandikwa moja moja kila jalada linapoingia, huburura. Seva ikiongezewa kwa usiku huo kumbukumbu ya kufanyia kazi hiyo, hufupisha tena. Haya ni mambo ambayo msimamizi mzoefu wa hifadhidata huyapanga bila kumsumbua mtu.

Funguo badala ya kunakili

Hatua kubwa zaidi ilitokana na jambo ambalo likielezwa huonekana dogo. Toleo jipya la PostgreSQL likija, kinachobadilika zaidi ni daftari la mtunza masjala, yaani maelezo ya makabati yapo wapi na yana nini. Majalada yenyewe kwa kawaida hubaki katika umbo lile lile. Basi kwa nini yanakiliwe? Programu iitwayo pg_upgrade huandika daftari jipya na kumkabidhi mtunza mpya funguo za makabati ya zamani. Katika mojawapo ya njia zake za haraka, kila faili lililo kwenye diski hupewa jina la pili tu, wala hakuna jalada linalosogezwa. Hifadhidata ambayo kunakiliwa kwake kungechukua usiku kucha yaweza kuwa tayari kwa dakika chache. Tena programu hiyo ina hatua ya ukaguzi inayoweza kuendeshwa wakati mfumo wa zamani ungali unahudumia wagonjwa, ili vikwazo vijulikane mchana na si usiku wa manane.

Lakini funguo zikishakabidhiwa na mtunza mpya akaanza kazi, wa zamani haruhusiwi tena kuyagusa makabati yale. Faili ni zile zile. Wakiandika wote wawili, wataziharibu. Kwa hiyo anayechagua mwendo huu ameacha mlango wa kurudi nyuma, isipokuwa awe na nakala rudufu kamili mahali pengine, iliyochukuliwa kabla na kuthibitishwa kwamba inafunguka. MySQL ina sharti linalofanana: hifadhidata ikishapandishwa kutoka 5.7 hadi 8.0, hakuna njia inayokubalika ya kuishusha tena, ila kurejesha nakala iliyochukuliwa mwanzoni.

Ipo njia ya tatu, iliyo laini kuliko zote na yenye mitego mingi kuliko zote. Seva mpya yenye toleo jipya husimamishwa kando siku kadhaa kabla. Hunakili majalada yote polepole, huku mfumo wa zamani ukiendelea na kazi; kisha hupokea kila badiliko dakika linapotokea, kama mwandishi wa pili aketiye nyuma ya yule wa kwanza na kuandika kila anachoandika mwenzake. PostgreSQL imeijenga njia hii ndani yake tangu toleo la 10, mwaka 2017. Usiku wa kuhama, mfumo husimamishwa kwa muda wa kuhakikisha kwamba mwandishi wa pili ameufikia mstari wa mwisho, kisha kompyuta zote za wodi huelekezwa kwake. Wauguzi waweza kuona dakika tano za ukimya.

Mitego mitatu ambayo mgonjwa ndiye huiona

Mtego wa kwanza ni wa namba. Mfumo unapomsajili mgonjwa mpya humpa namba inayofuata kutoka kwenye kihesabio. Njia ya mwandishi wa pili, kama ilivyojengwa katika PostgreSQL, imenakili majalada bila kunakili hesabu ya kihesabio. Seva mpya ikiamka bila mtu kukisogeza, kihesabio huanza moja. Mfumo ulioundwa vizuri utakataa kusajili, kwa kuwa namba hiyo ina mwenyewe, na foleni ya mapokezi itasimama palepale. Mfumo ulioundwa vibaya utakubali, na watu wawili watakuwa na namba moja. Madhara ya hali hiyo katika benki ya damu hayahitaji kuelezwa kwa mfanyakazi wa afya.

Wa pili ni mgonjwa aliyemo lakini haonekani. Wahandisi wengi, wakiwa wamepata usiku wa kazi, huchukua nafasi hiyo kubadilisha na mfumo endeshi wa seva. Mwaka 2018, toleo la 2.28 la maktaba ya msingi ya Linux, glibc, lilibadili kanuni za kupanga herufi na alama. Mpangilio wa maandishi "11" na "1-1", kwa mfano, uligeuka: kilichokuwa nyuma kikawa mbele. Hospitali ambazo namba zake za jalada zina kistari zinaweza kuona mara moja maana yake. Kadi za faharasa zimepangwa kwa kanuni ya zamani, mtunza anazitafuta kwa kanuni mpya. Anafika mahali kadi ilipopaswa kuwa, haipo, anajibu kwamba mgonjwa huyo hajawahi kusajiliwa. Karani wa mapokezi humfungulia jalada jipya, tupu. Historia yake ya kifafa, matokeo yake ya kipimo, mzio wake wa dawa, vyote vinabaki kwenye jalada ambalo hakuna atakayelifungua. Dawa yake ni kutengeneza upya faharasa zote za maandishi kabla ya kuufungua mfumo, na muda wa kazi hiyo lazima uhesabiwe katika ratiba tangu mwanzo. Kuiacha ili kuokoa saa moja ni wizi wa muda kutoka kwa mgonjwa.

Mtego wa tatu hauui, ila huwavunja watu moyo. Mtunza masjala mzuri hukumbuka kwa kadirio ni kabati lipi limejaa na lipi lina majalada machache, na kwa kumbukumbu hiyo huchagua njia fupi ya kutafuta. Kadirio hilo huitwa takwimu za hifadhidata. Kwa miaka mingi pg_upgrade haikuzihamisha. Ni kuanzia toleo la 18, la mwaka 2025, ndipo sehemu kubwa ya takwimu hizo huhama pamoja na daftari. Mtunza asiye nazo hupekua kila kabati kuanzia mwanzo. Jumatatu asubuhi, ombi lililokuwa likijibiwa kwa kufumba na kufumbua huchukua dakika tatu, dirisha la dawa linajaa watu, na hospitali nzima inasema mfumo hausomi. Kukusanya takwimu upya kunaweza kufanywa kwa awamu: kwanza kadirio la haraka linalotosha kuufungua mfumo, kisha la kina wakati kazi imeshaanza.

Mazoezi, na saa ya uamuzi

Hakuna kinachofupisha usiku kama kuwa umeshaupitia. Zoezi hufanywa kwenye nakala kamili ya hifadhidata, katika seva inayofanana na ile halisi, na kila hatua hupimwa kwa saa. Zoezi la kwanza kwa kawaida huchukua muda mrefu kupita ilivyodhaniwa, na hilo ndilo faida yake. Zoezi moja halitoshi. Linarudiwa mpaka hatua zote ziwe zimeandikwa na kuendeshwa bila mtu kufikiri papo hapo, kwa sababu saa tisa usiku si saa ya kufikiri. Nakala ya mazoezi ina majina na magonjwa ya watu halisi, kwa hiyo inalindwa kama yenyewe na kufutwa kazi ikiisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, hazitofautishi kati ya seva ya kazi na seva ya majaribio.

Kasi peke yake haitoshi, na mfano mkubwa wa hilo ulitoka katika benki. Aprili 2018, TSB ya Uingereza ilihamisha taarifa za wateja wake milioni 5.2 kwenda kwenye jukwaa jipya katika wikendi moja. Taarifa zenyewe zilifika salama, na mfumo ukafunguliwa Jumapili jioni. Lakini jukwaa halikubeba mzigo. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na huduma hazikurejea katika hali ya kawaida kikamilifu mpaka Desemba ya mwaka huo. Uchunguzi huru uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba majaribio ya mzigo yalifanywa katika kituo kimoja cha data kati ya viwili vilivyotegemewa. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Kilichokosekana pale hakikuwa saa za ziada za kuzima mfumo. Walikosa Jumatatu ya majaribio: watu wengi, wakiingia kwa pamoja, wakifanya kazi za kweli.

Hospitali yaweza kuitengeneza Jumatatu yake. Wiki moja kabla, makarani wa mapokezi, wauguzi wa wodi mbili, wahudumu wa maabara na wa dawa huketi mbele ya nakala mpya na kufanya kazi zao za kawaida kwa pamoja: kusajili, kuagiza kipimo, kutoa jibu, kutoa dawa, kutengeneza ankara ya bima. Mhandisi hawezi kufanya majaribio hayo kwa niaba yao, kwa kuwa hajui ni wapi hasa muuguzi hubonyeza mara mbili akiwa na haraka.

Usiku wenyewe una saa moja ambayo haina budi kuandikwa kwenye ratiba kwa wino. Ikiwa mfumo unatakiwa urudi saa nane usiku, na mazoezi yameonyesha kwamba kurudi nyuma kwenye toleo la zamani huchukua saa moja na nusu, basi uamuzi wa kuendelea au kurudi hufanywa saa sita na nusu. Baada ya hapo hakuna tena nafasi ya kurudi bila kuvunja ahadi iliyotolewa kwa wodi. Uamuzi huo usiachiwe mhandisi aliyechoka, ambaye daima ataona kwamba zimebaki dakika kumi tu. Awepo daktari au muuguzi mkuu wa zamu, mwenye mamlaka ya kusema rudini. Na ifahamike kwamba mlango wa kurudi hufungwa pale jibu la kwanza la maabara linapoandikwa katika mfumo mpya. Kurudi nyuma baada ya hapo ni kulipoteza jibu hilo, labda iwe mabadiliko yanarudishwa pia kwenye seva ya zamani.

Wodini usiku huo

Hata saa moja ya giza inahitaji taa ya mkononi. Nusu saa kabla ya kuzima, kila wodi huchapisha orodha ya wagonjwa waliolazwa pamoja na dawa zao, saa ya dozi ya mwisho, mzio, kundi la damu na majibu ya siku hiyo. Pale inapowezekana, wataalamu huacha nakala ya kusoma tu katika kompyuta moja ya kila jengo, ili historia ya mgonjwa isomeke ijapokuwa haiwezi kuongezwa. Mapokezi hupewa kitita cha namba zilizotengwa kwa wagonjwa wapya, ambazo mfumo hautazitoa tena ukiamka. Maabara hupokea maombi kwa fomu na kupiga simu kwa majibu ya hatari, na anayepokea simu huyarudia kwa sauti kabla ya kuandika.

Wapo wanaodhani usiku wa manane ni wakati mtulivu kwa hospitali nzima. Ni mtulivu kwa kliniki za nje na kwa wahasibu. Kwa wodi ya wazazi si hivyo, na kitengo cha dharura usiku wa Jumamosi karibu na mwisho wa mwezi kina kazi kuliko Jumanne mchana. Tarehe na saa zichaguliwe kwa kutazama daftari la wagonjwa la miezi iliyopita. Kalenda ya mafundi si kipimo.

Kosa lililo jepesi kutokea huja baada ya mfumo kurudi. Muuguzi alitoa dozi saa nane usiku na kuiandika kwenye karatasi. Saa moja asubuhi mwenzake wa zamu mpya anaiingiza kwenye mfumo, nao, kwa mazoea yake, unaiandika kuwa imetolewa saa moja asubuhi. Dozi zinazofuata zinasogea, au mgonjwa wa insulini anaonekana amechomwa sindano ambayo hakuchomwa asubuhi hiyo. Au karatasi inachelewa, mfumo unaonyesha dozi haijatolewa, na inatolewa tena. Kila kinachoingizwa kutoka kwenye karatasi lazima kiwe na saa ya tendo lenyewe, na mpaka karatasi za wodi ziishe kuingizwa, karatasi ndiyo yenye neno la mwisho mbele ya kioo cha kompyuta. Mtu wa kuziingiza apangwe mapema, kwa jina. Zamu iliyokesha isiachiwe kazi hiyo ikiwa inasubiri basi la kwenda nyumbani.

Kwa mgonjwa na ndugu anayemuuguza

Mgonjwa ana sehemu yake, nayo si kubwa. Aliye na miadi katika siku za mabadiliko afike na kadi ya hospitali, kadi ya bima, cheti cha mwisho na vifuko vya dawa anazotumia, kwa kuwa jina lililochapishwa kwenye kifuko husomeka hata seva zote zikiwa zimelala. Mwenye mzio wa dawa, kisukari, kifafa au ujauzito aseme mwenyewe kwa kila anayemhudumia, asisubiri kuulizwa. Muuguzi akimuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa mara tatu kwa usiku mmoja, hakumsahau. Ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuhakikisha kwamba sindano hii ni yake.

Na akiambiwa, wiki moja baadaye, kwamba hana jalada katika hospitali ambayo ametibiwa miaka sita, asikubali haraka kufunguliwa jipya. Aombe atafutwe tena, kwa jina, kwa namba ya simu, kwa tarehe ya kuzaliwa. Malalamiko ya namna hiyo, yakifika kitengo cha TEHAMA siku hiyo hiyo, ndiyo dalili ya mapema kuliko zote kwamba faharasa haikutengenezwa upya.

Seva ya zamani haizimwi kabisa kwa wiki kadhaa. Hutengwa na mtandao, ikasomwa tu panapokuwa na shaka. Fomu za usiku ule nazo hazitupwi Jumapili. Hukaa katika boksi lililofungwa masjala ya kumbukumbu za tiba, mpaka mtu ambaye hakuwa zamu usiku huo azilinganishe na mfumo, fomu moja baada ya nyingine. Huko ndiko hupatikana dozi iliyoingizwa mara mbili, ombi la damu ambalo jibu lake halikuandikwa, na mtoto aliyezaliwa saa tisa usiku ambaye bado hajapewa namba.